Mnyororo Ndani ya Pindo

Sogeeni kidogo, nyie mnaolea na kushona, maana haya yalimpata mama mwenye nia njema kabisa, na ni hiyo nia njema iliyotaka kubomoa kazi ya wiki saba ya binti zake wawili.

Mtaa mzima ulimwita Mama Sindano. Sebuleni kwake palikuwa na cherehani mbili, moja ya kukanyaga kwa miguu na moja ya umeme, na katikati ya cherehani hizo sasa palikuwa na meza ya kioo iliyomtia wazimu. Chini ya kioo binti yake mkubwa alikuwa ameweka taa. Juu ya kioo alikuwa amesimamisha vijiti viwili vya chuma vifupi, na kila karatasi iliyotobolewa matundu mawili ilivishwa kwenye vijiti hivyo ili isisogee hata upana wa unywele. Mwanga ukipita kwenye kioo, mchoro wa jana unaonekana chini ya karatasi ya leo, na mchoraji anaufuata huku akiubadilisha kidogo tu. Kidogo sana. Mama Sindano alikuwa akitazama karatasi ya kwanza na ya pili na haoni tofauti.

"Hii si ndiyo ile ile?"

"Mama, angalia bawa."

"Naliangalia."

"Limeshuka."

"Limeshuka wapi? Nyie watoto mtanitoa macho."

Huyo mkubwa walimwita Penseli, kwa kuwa hakuna siku aliyoonekana bila penseli imechomekwa kwenye nywele, hata siku ya mtihani wa kuendesha gari. Mdogo wake alikuwa kitinda mimba, na Kitinda ndilo jina alilobaki nalo, hadi walimu walimwita hivyo. Miaka kumi na tisa, mwembamba, miguu kama chemchemi. Kumwambia Kitinda atulie ni sawa na kuyaambia maji ya moto yasichemke.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mjini palikuwa na maonyesho ya watu wanaopenda katuni, wanaovaa kama wahusika wao na kupanda jukwaani kuigiza. Wenyewe wanaiita kosplei. Wengi huja na nywele za bandia na panga la sponji, wanazunguka mara mbili, wanapiga pozi, wanashuka. Penseli na Kitinda walitaka kitu ambacho ukumbi ule haujawahi kukiona. Kitinda angepanda kama Bibi wa Nondo, mhusika wa kitabu cha katuni ambacho Penseli mwenyewe alikuwa anakichora. Na nondo wake, yule mdudu wa mabawa mapana, angekuwa hai. Angechorwa kwa mkono, mchoro baada ya mchoro, kila mmoja ungepigwa picha, kisha projekta ingemrusha kwenye kitambaa chembamba kama cha chandarua kilichotandazwa mbele ya jukwaa. Watu wangemwona Kitinda nyuma ya kitambaa, na nondo mkubwa kama mlango akimzunguka.

"Kwa hiyo nondo huyo anahitaji karatasi ngapi?" Mama Sindano aliuliza siku ya kwanza.

"Sekunde moja ni michoro kumi na miwili. Nondo anakaa sekunde sabini."

Mama Sindano alipiga hesabu kwa vidole, akahamia kwenye futi yake ya kupimia nguo, akarudi kwenye vidole. "Mia nane na arobaini?"

"Mia nane na arobaini."

"Mungu wangu! Maisha yangu yote nafukuza nondo kabatini wasile vitambaa vya watu, leo mnaniletea mia nane na arobaini sebuleni!"

Walicheka mpaka Kitinda akaanguka kwenye marundo ya nguo. Na kusema kweli, mama alifurahi kuliko wao. Alishona gauni la Bibi wa Nondo kama anamshonea bibi harusi: kitambaa cha kijivu chenye kung'aa, mikono mipana, sketi ndefu yenye mpasuo mrefu upande wa kulia ili mguu upite. Lilipokamilika walikwenda wote ukumbini, kwa sababu mjomba wa watoto, mdogo wake Mama Sindano, ndiye alikuwa fundi wa taa pale. Kitinda akavaa gauni, akaigiza mwanzo hadi mwisho, na Penseli akamrekodi kwa simu. Wiki saba zote alichora akifuata video ile. Kwenye kila karatasi alimchora kwanza mdogo wake kwa penseli ya buluu, mistari tu, ajue mkono uko wapi na mguu uko wapi. Kisha akamchora nondo kwa wino mweusi. Ile buluu haikuwa ya kuonekana na watu, ingefutwa kwenye picha. Ilikuwa ya kumwongoza nondo.

Sehemu kubwa kuliko zote ilikuwa sekunde ya hamsini. Kitinda amesimama juu ya sanduku la mbao linalomfika kiunoni. Anapiga hatua mbili, anaruka, anatandaza mikono hewani, na wakati huo huo nondo anafungua mabawa nyuma yake. Mabawa yanakuwa yake. Kwa nusu sekunde, binti wa Mama Sindano ana mabawa.

"Hapo ukumbi utasimama," Penseli alisema. "Mama, hapo hata mimi nikichora mkono unanisisimka."

Sasa sikilizeni kilichofuata. Wiki ya mwisho, Penseli alikuwa amekwenda kununua wino, na Mama Sindano akabaki peke yake na marundo ya karatasi. Alikuwa ameona binti yake anavyofanya: unashika rundo kwa mkono mmoja, unaziachia karatasi kwa dole gumba la mkono mwingine, prrrr, na michoro inatembea. Akachukua rundo la sekunde ya hamsini. Akaziachia.

Kitinda wa buluu alipiga hatua moja, akapiga ya pili, akaruka. Lakini Penseli hakuchora sanduku. Hakuchora sakafu. Ya nini, wakati vitu hivyo viko jukwaani? Kwa hiyo mama akamwona mwanawe anaruka kutoka patupu kwenda patupu, anapanda, anapanda, na rundo likaisha akiwa bado juu.

Aliziachia tena. Mtoto akaruka tena. Hakutua.

Mara ya tatu Mama Sindano alikaa chini. Kitinda alipokuwa na miaka saba alianguka kwenye ngazi za jirani akavunjika mfupa wa bega, na mlio ule mama hakuwahi kuusahau. Siku ya kurekodi alikuwa nyuma ya jukwaa akitafuta kifungo, hakuuona mruko. Kumbe mtoto anaruka hivi! Na watu wazima wenye akili zao wanatazama!

Angesema. Angesema tu, "Wanangu, ninaogopa." Lakini akajijibu mwenyewe kwamba atawavunja moyo, wataanza kumwonea huruma, watapunguza mruko kwa ajili yake. Basi akafanya kile ambacho mikono yake ilikijua. Akalichukua gauni, akawaambia, "Kuna shanga imelegea, nairekebisha," akafunga mlango wa chumba.

Alishona sponji ndani, mahali pa magoti. Kwenye pindo aliingiza mnyororo mwembamba wa chuma, ule unaowekwa kwenye mapazia mazito, ili sketi isipepee ikamfunika mtoto uso. Na ule mpasuo mrefu akaufunga vidole vinne, ili miguu isiende mbali sana. Akapiga pasi. Akalitundika. Kwa nje lilikuwa gauni lile lile, hata jicho la fundi lisingegundua. Usiku ule alilala usingizi mzuri kuliko wiki nzima.

Siku ya maonyesho ukumbi ulikuwa unachemka tangu asubuhi. Korido nzima watu wanabandika kope, wanapuliza rangi kwenye nywele, mmoja amevaa mkia mrefu na kila anayepita anaukanyaga. "Mkia jamani! Mkia!" Kila kundi lilipewa dakika tatu, na kundi moja tu, lile litakalovuma zaidi, lingeitwa tena kufunga siku. Zamu ya Bibi wa Nondo ilikuwa saa nane na nusu. Saa sita walipewa jukwaa kwa mazoezi.

Kitinda alivaa gauni, akalihisi zito kuliko siku ya video, akadhani ni woga wake tu. Mjomba akazima taa. Muziki ukaanza. Nondo akatokea kwenye kitambaa.

Jamani! Wale waliokuwa wanapaka rangi koridoni waliacha brashi wakaja mlangoni. Yule nondo alikuwa anapumua. Mistari yake ilikuwa inatetemeka kidogo, kama inavyotetemeka michoro ya mkono, na mtetemo huo ndio uliomfanya awe na damu. Alimzunguka Kitinda, akamgusa bega, Kitinda akageuka, akanyoosha kidole, nondo akatua kwenye kidole. Mtu mmoja mlangoni akasema, "Wee!" Penseli alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele ameuma kifuniko cha kalamu.

Sekunde ya hamsini ikafika. Nondo akafungua mabawa.

Hapakuwa na mtu. Mabawa makubwa mazuri yalifunguka mahali patupu, yakaanza kufunga, na ndipo Kitinda alipofika, kama mgeni anayeingia sherehe imekwisha. Mlangoni wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini walicheka.

"Mpwa wangu, umeachwa na basi," Mjomba akasema kutoka juu kwenye mitambo.

"Nimechelewa?" Kitinda aliuliza akihema. "Mbona nimeenda vile vile?"

Penseli alisimama. "Si wewe. Ni mimi. Nimekosea namba."

Alifungua simu akaweka video ya zamani pembeni na ile aliyorekodi sasa hivi. Akahesabu kwa sauti. Kwenye ya zamani, hatua mbili. Kwenye ya sasa, hatua tatu ndogo ndogo. Tofauti ilikuwa michoro tisa. Gauni lile lile, mtu yule yule, sanduku lile lile. Alirudia kuhesabu, akarudia tena, na kila akirudia uso wake ulizidi kusinyaa.

"Nondo si umsimamishe kidogo amsubiri?" Mjomba akashauri.

Wakajaribu. Penseli akashikilia mchoro mmoja kwa muda wa michoro tisa. Nondo akaganda hewani kama shati lililoanikwa, uhai wote ukamtoka, na muziki nao ukampita.

"Amekufa," Penseli alisema. "Basi. Nachora tisa mpya, natoa tisa mahali pengine. Mjomba, nipe meza na taa. Tuna saa mbili."

Mama Sindano alikuwa pembeni na kisanduku chake cha sindano mapajani. Alikuwa anajua. Tangu aliposikia hatua tatu alijua. Lakini akajipa moyo: michoro tisa si mingi. Huyu mtoto huchora zaidi ya hiyo kabla ya chai. Atachora, watu watashangilia, Kitinda atatua salama, na hakuna atakayejua. Akafungua kisanduku, akajifanya anapanga sindano.

Kumbe Kitinda naye alikuwa na mawazo yake. Alimtazama dada yake aliyeinama juu ya taa, akichora na kufuta. Roho ikamuuma.

"Dada, acha. Usichore. Mimi ndiye mzembe, nimeogopa watu nikafupisha hatua. Mjomba, washa muziki. Ninakwenda kwa hatua mbili, mtaona."

"Kitinda, subiri..." Mama alianza.

Muziki ulishaanza. Kitinda akapiga hatua ya kwanza ndefu, kwa nguvu zake zote. Mpasuo uliofungwa ukambana goti. Mnyororo wa pindo ukarushwa na ile nguvu, ukazunguka kifundo cha mguu kama mkono wa mtu. Hatua ya pili haikuwepo. Alipiga goti ukingoni mwa sanduku na mwili wote ukaelekea chini, kichwa kwanza.

Mjomba alikuwa ameshashuka kurekebisha waya kando ya sanduku, na muziki aliuwasha kwa rimoti kutoka hapo hapo. Alimdaka kwa mkanda wa gauni, wakaanguka wote wawili chali kwenye sakafu ya jukwaa, yeye chini, Kitinda juu.

Ukelele wa Mama Sindano ulisikika hadi kwa walinzi wa getini.

"Niko mzima!" Kitinda alipaza sauti. "Niko mzima, mama! Goti halijauma hata. Mjomba je?"

"Mimi nimekufa," Mjomba akajibu kutoka chini yake. "Toka juu ya maiti."

Hakuna aliyecheka, kwa sababu Mama Sindano alikuwa amepanda jukwaani, amepiga magoti, ameshika pindo la gauni kwa mikono miwili, na machozi yanamtiririka.

"Ni mimi," alisema. "Wanangu, ni mimi. Penseli, weka kalamu chini. Michoro yako haina kosa hata moja."

Akageuza pindo. Mnyororo ukang'aa chini ya taa.

Penseli alikuja taratibu, akainama, akaushika ule mnyororo kati ya vidole kama mtu anayeshika mdudu asiyemjua. Akaona mpasuo. Akabonyeza magoti, akaisikia sponji.

"Lini?"

"Alhamisi."

"Ulisema shanga."

"Nilisema shanga."

"Mama, nimehesabu mara sita! Nimejiona mjinga mbele ya watu wote hawa! Kwa nini hukusema?"

"Nilimwona kwenye karatasi zako. Anaruka, hatui. Nikaogopa kuwaambia ninaogopa." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nikaishona."

Mama wenzangu, hapo ndipo pa kusikiliza. Ile nguo aliyoitia hofu ili mtoto asianguke, ndiyo iliyomwangusha. Hofu ukiisema, watu wataibeba pamoja nawe, watakuchekea kidogo, yatapita. Ukiishona ndani ya nguo ya mtoto, anayeibeba ni mtoto peke yake, na wala hajui ni kwa nini miguu yake imekuwa mizito.

Aliyewatoa hapo ni Kitinda. "Sasa tunalia au tunafumua? Ni saa saba kasoro."

Walifumua. Mama Sindano alitoa nyembe, akawagawia. Kitinda alisimama juu ya kiti amevaa gauni lake, maana kulivua na kulivaa tena kungekula nusu saa, na wale watatu wakamzunguka. Mama alichukua mpasuo, Penseli pindo, Mjomba akapewa kazi ya kuvuta mnyororo.

"Vuta polepole, mdogo wangu, usichane."

"Dada, huu una mita ngapi? Ulikuwa unamfunga mbuzi?"

"Vuta, unyamaze."

Penseli alikata uzi baada ya uzi, midomo imebana. Kisha akasema bila kuinua macho, "Ulishona vizuri lakini. Siwezi hata kuona uzi unaanzia wapi."

"Anzia hapo kwenye kona. Nilirudisha mara mbili."

"Mara mbili!"

"Niliogopa mara mbili."

Penseli akaguna, na mguno ule ulikuwa na kicheko ndani yake. Mama akapumua kwa mara ya kwanza.

Alipofika kwenye magoti, Kitinda akamshika mkono. "Hizi ziache. Bila hizi sasa hivi ningekuwa nachechemea."

"Hazitakupunguzia mwendo?"

Kitinda alikunja goti, akalinyoosha, akaruka kutoka kwenye kiti akatua kama paka. "Wala. Ungeniambia tu, mama. Hizi ningezivaa."

Saa nane na nusu ukumbi ulikuwa umejaa hadi kwenye vidirisha. Mama Sindano alisimama pembeni ya jukwaa, nyuma ya pazia, mahali ambapo kile kitambaa chembamba kilionekana kwa ubavu tu, mstari mwembamba usio na kitu. Hapo nondo haonekani kabisa. Alichokiona ni mtoto wake peke yake, anageuka kumfuata mtu asiyekuwepo, ananyoosha kidole kwa hewa. Alisikia watu wanavuta pumzi. Alitaka kufumba macho. Hakufumba.

Kitinda akapanda sandukuni. Hatua moja. Mbili. Gauni likafunguka upande wa kulia, mguu ukapita wote, na mtoto akaenda juu, mikono imetandazwa, kama alivyokwenda kwenye karatasi. Tofauti ni kwamba huyu alitua.

Ule mlio wa ukumbi Mama Sindano aliuhisi kifuani kabla ya masikioni. Viti viligonga, watu walisimama, mtu alipiga filimbi. Penseli alikuja mbio kutoka mbele, akamkumbatia mdogo wake, wakaruka ruka wote wawili kama watoto wa chekechea.

"Mama, uliona? Uliona mabawa?"

"Nilimwona Kitinda. Mabawa sikuyaona, huku hayaonekani."

Wakatazamana. Hawakuwa wamefikiria hilo.

Saa kumi na moja walipotangaza kundi la kufunga siku, na jina la Bibi wa Nondo likatajwa, Kitinda alipiga kelele hadi sauti ikakauka, na Penseli akamshika mama yake mabega akamsukuma hadi safu ya tatu katikati. "Unakaa hapa. Huinuki. Sindano zako nipe mimi."

Taa zikazimwa. Nondo akaja. Mama Sindano, aliyeishi naye wiki saba sebuleni akiwa karatasi, hakumtambua. Ilipofika sekunde ya hamsini alikuwa amemshika mkono mama mmoja asiyemjua aliyekaa jirani yake, na Kitinda aliporuka na yale mabawa yakafunguka mgongoni mwake, makubwa, yanatetemeka, ya wino mtupu, aliubana mkono ule kwa nguvu zote.

"Mama, mkono wangu!"

"Samahani. Samahani, dada yangu." Hakuuachia. "Yule ni wangu."

"Anayeruka?"

"Anayeruka. Na aliyemchora huyo mdudu naye wangu."

Yule mama akamtazama kwa mshangao, kisha akarudisha macho jukwaani. "Hongera zako. Na hilo gauni, umemshonea wewe?"

"Nilimshonea mimi," alisema Mama Sindano, huku akipiga makofi na mkono wa yule mama ukiwa bado ndani ya mkono wake, "nikaliharibu mimi, tukalifumua wote."